Matundu Manne na Swali Moja

Daktari wa upasuaji aliongea na binti yangu, mimi nimekaa katikati yao kama mzigo unaosubiri kupakiwa.

"Mzee tutamtoboa matundu manne tu. La kitovuni ni la kamera, mengine ya vifaa. Tunatoa kifuko cha nyongo pamoja na mawe yake, kesho anarudi nyumbani."

"Mzee yupo hapa," nikasema. "Na masikio anayo."

Daktari akacheka kidogo, mkono tayari kwenye kitasa cha mlango. "Haya baba, una swali?"

"Hayo matundu yakishindikana?"

Daktari alimtazama binti yangu, na binti yangu akatazama sakafu. Katika kuzurura kwangu nimelala stendi nyingi na nyumba za watu nisiowajua. Jicho la watu waliokwisha kupatana kabla sijaingia nalijua.

"Mmepanga nini nyie?"

"Baba, tulia, presha..."

"Presha ni yangu! Mmepanga nini?"

Machozi ya hasira yakamtoka binti yangu. "Nilimwomba asikwambie! Ungetoroka. Hospitali iliyopita si ulipitia mlango wa jikoni, umevaa gauni la wagonjwa?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa aliyefichwa ni mgonjwa mwenyewe. Nikasimama, nikachukua koti. Maumivu yakanibana chini ya mbavu za kulia, nikaishia kushika ukuta. Daktari akaja kunidaka.

"Usiniguse! Tumbo hili nimelibeba tangu hujazaliwa, leo unanificha habari zake?"

Hapo naye akawaka. Akavuta kiti, akaketi mbele yangu pale ukutani, macho yake usawa wa tumbo langu.

"Sikiliza basi, maana na mimi nimechoka. Kifuko chako kimevimba, huenda kimegandana na ini. Nikiona kwa kamera siwezi kukitoa salama, nitakupasua, kutoka hapa mpaka hapa." Akachora kwa kidole juu ya shati langu, mstari mrefu. "Utauguza kidonda wiki kadhaa. Hutazurura popote. Na usiponiruhusu hilo sasa, sikugusi hata kwa sindano. Kunyamaza nilikosea. Umeridhika?"

"Sijaridhika. Ila sasa ndiyo unaongea na mimi."

"Unaruhusu au huruhusu?"

Mlango daktari alikuwa ameuacha wazi. Koridoni mtu alisukuma kitanda kitupu, gurudumu moja likilia. Niliutazama ule mlango, na binti yangu akanitazama nikiutazama.

Nikaketi, nikavua viatu kwa taabu, nikamtupia binti yangu miguuni.

"Kaa navyo. Na usidhani nimekusamehe." Nikamgeukia daktari. "Pasua ikibidi. Lakini nikizinduka, wa kuniambia ulichofanya uwe wewe. Siyo huyu."

Akaitikia kwa kichwa, uso bado umekunjamana.

Binti yangu aliokota viatu, akavikumbatia, kisha akaninyooshea mkono.

"Na soksi, baba. Nakujua."