Wafalme Wawili na Mashati Arobaini

Mimi pesa huzihesabu kwa mashati. Shule niliishia darasa la saba na hesabu za sehemu zilinishinda, lakini nitajie bei ya kitu chochote, nitakwambia ni mashati mangapi ya kupiga pasi kabla hujafunga mdomo.

Napiga pasi kwenye duka la mama mdogo. Nguo zikipungua nacheza poka kwenye simu, kwenye meza za chini kabisa, zile ambazo hata mshindi anaona aibu kujisifu. Nilianza na mtaji wa mashati manne. Kwa miezi kumi na minne nilitupa karata mbovu bila kuweka dau, nikatupa za wastani, nikatupa hata nzuri zilizonitia wasiwasi, mpaka mtaji ukafika mashati mia na sitini. Shemeji yangu, mume wa dada, fundi simu wa mlango wa pili, akanibandika jina la Bi Subira. Jina hilo nililipenda kuliko inavyostahili.

Kanuni yangu niliiandika kwenye kikaratasi, nikakiweka ndani ya kava la simu: gawa mtaji mafungu ishirini, mezani kaa na fungu moja tu. Yaani mashati manane.

Jumatano akaja dobi wa hoteli. Alikuwa anauza pasi ya mvuke, kuukuu lakini nzima, kwa mashati mia mbili. Ningeipata, ningefungua kibanda changu mwenyewe.

"Nakushikia mpaka Jumamosi," aliniambia. "Zaidi ya hapo, siwezi."

Nilikuwa napata mashati mawili au matatu kwa wiki. Hata mimi niliona kwamba Jumamosi ilikuwa karibu mno.

"Panda meza ya juu," shemeji akasema. "Kaa na arobaini, yazae arobaini, kanunue pasi yako."

"Kanuni hairuhusu."

"Kanuni umeiandika wewe mwenyewe, Bi Subira. Unaogopa mwandiko wako?"

Ijumaa mchana, mama mdogo akihesabu nguo mlangoni na shati la mwalimu likiningoja, nilikaa meza ya juu na mashati arobaini. Saa nzima nilitupa karata. Upande wa pili kulikuwa na mtu mmoja aliyejiita Kobe, naye saa nzima alitupa tu. Nilimpenda. Nikajiona ninamtazama pacha wangu.

Kisha nikapewa wafalme wawili. Nikaongeza dau. Wote wakakimbia isipokuwa Kobe, ambaye hakulipa tu, alitia mashati yake yote.

Nilijua. Mtu anayetupa karata saa nzima halafu ghafla anatia zote, ana ree mbili, na juu ya ree hakuna kitu. Nilijua kwa sababu ndivyo ninavyofanya mimi. Lakini nilikuwa nimesubiri sana, na nikaona hao wafalme ni haki yangu, kama mshahara. Nikalipa.

Alikuwa na ree mbili.

Mashati arobaini yakaenda. Kidole changu kikakimbilia yale mia na ishirini yaliyobaki, yote, meza ileile, nimfuate Kobe. Hapo nikakumbuka anachoniambia mama mdogo tangu siku ya kwanza: pasi ikizidi moto, iweke kwenye bati lake, usiipozee kwenye shati la mtu. Nikaona nimepata hekima. Nikaiweka simu chini, kwenye bati.

Bati ambalo pasi ilikuwa imetoka kukaa juu yake muda huohuo.

Harufu ilimfikia mama mdogo kabla yangu. "Mwanangu, unapika nini huko?"

Tuliibandua simu kwa kisu. Skrini iliwaka, bahati yangu, lakini kava lilikuwa limeyeyuka na kanuni yangu imo ndani, imegandamana na plastiki. Nilimsimulia yote. Alisikiliza akiwa na kisu mkononi.

"Mia na ishirini bado yapo?"

"Yapo."

"Basi umeunguza kava na arobaini. Lakini hilo shati la mwalimu bado linakusubiri."

Nikalipiga pasi.

Jumamosi pasi ya mvuke ilibebwa na mteja mwingine. Dobi alinihurumia. "Hoteli itatoa nyingine," akasema, "labda mwakani."

Nikapiga hesabu: mashati themanini, mawili matatu kwa wiki. Mwakani inatosha kabisa. Shemeji akanipa kava jipya, kwa bei ya mashati matatu, mwizi huyu, nikaandika kikaratasi kingine. Mia na ishirini kwa ishirini ni sita.

Nikakaa meza ya chini na mashati sita. Karata ya kwanza ilikuwa mbovu. Nikaitupa.