Kifungo Kisichokuwa Chake

Tangu Abrán Archuleta arudi kutoka gerezani, mdogo wake Eliseo hakukaa kitako. Alipasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Alijenga uzio wa kondoo, akaubomoa, akaujenga upya. Hata chakula alikula amesimama, macho yakiwa dirishani. Mkewe Ninfa, ambaye ni binamu yangu, alinijia Jumapili ya Matawi akaniambia, "Dada, aliyetoka jela analala kama mtoto mchanga. Ambaye hakwenda ndiye anayezunguka nyumba kama mbwa mwenye viroboto."

Sikumwelewa. Pale Rito Hondo, juu kwenye milima ya New Mexico, sote tulijua habari moja tu: kwamba siku ya harusi ya akina Lucero, Abrán aliendesha gari akiwa amelewa, akamgonga Cosme Maestas aliyekuwa anamrudisha farasi wake nyumbani, Cosme akafia palepale barabarani. Abrán alikiri mwenyewe mbele ya hakimu, akafungwa miaka kadhaa. Mjane wa Cosme, Doña Delfina, hakupita langoni kwa akina Archuleta bila kutema mate.

Katikati ya Juma Kuu, Eliseo alikwenda morada, nyumba ya sala ya ndugu wa toba, chama cha wanaume wa kijiji chetu, akamwomba mkuu wao, mzee Macedonio Vigil, apewe msalaba mkubwa siku ya Ijumaa Kuu. Ule wa magogo, unaobebwa kwa zamu na wanaume wawili. Aliutaka peke yake, pekupeku, mpaka juu kilimani.

"Utavunjika mgongo," Macedonio akamwambia.

"Uvunjike."

"Sikiliza, kijana wangu. Huo msalaba haununui kitu. Yaliyolipwa yamelipwa, tena na Mwingine. Sisi tunaubeba ili tusimwache peke yake njiani, basi."

"Nipe tu, mzee. Nikiendelea kukaa hivi nitapasuka."

Macedonio akakubali.

Abrán aliposikia, aliwaka. Ninfa alikuwa jikoni akikanda unga, na yote aliyasikia kupitia ukuta wa udongo.

"Umerogwa wewe?" Abrán alifoka. "Nimekaa kule ndani ili ulee watoto wako, ulale na mkeo, unenepe! Sasa unataka kwenda kujiua chini ya gogo? Basi nilifungwa bure!"

"Sikukuomba."

"Hukukataa pia."

Ninfa akamsikia mumewe akisema, kwa sauti ambayo hakuijua, "Ninfa alikuwa mjamzito. Niliogopa, kaka. Ulipowaambia polisi wewe ndiye uliyeshika usukani, nilimshukuru Mungu. Nimeshukuru mpaka shukrani imegeuka sumu."

"Yesu naye alibeba ya wengine. Kuna ubaya gani?"

"Yesu alikufa mchana kweupe, na mpaka yule mwizi pembeni yake alijua huyu hana kosa. Hakumdanganya mtu. Wewe ulinificha, na mimi nikakubali kufichwa. Hapo ndipo tulipopotea."

"Ukifungua mdomo," Abrán akasema, "usiniite kaka tena."

Ninfa hakumwambia mtu. Aliendelea kukanda ule unga mpaka ukawa mgumu kama mpira. Aliponisimulia baadaye, alisema kilichomuuma zaidi ni kukumbuka furaha yake ya siku zile, alipojifungua salama huku mumewe yuko kando yake.

Ijumaa Kuu ilikuja na upepo wa vumbi. Ndugu walitoka morada wakiimba, filimbi ikilia juu ya sauti zao, na nyuma yao Eliseo, kifua wazi, gogo begani. Sisi wanawake tulitokea kanisani tukiwa na sanamu ya Mama wa Mateso, maana desturi yetu ni Mama na Mwana wakutane njiani. Mwaka ule mbeba sanamu wa mbele alikuwa Doña Delfina, na mimi nilikuwa nyuma yake.

Tulikutana penye mteremko. Eliseo alikuwa akitoka damu begani na miguuni, lakini usoni hakuwa na ile amani ambayo huwa tunaiona kwa wabebaji. Macho yake yalikimbia huku na huku. Alipomwona Delfina, akaanguka. Wanaume wawili wakakimbilia gogo.

"Liacheni," akasema. Kisha, akiwa amepiga magoti kwenye changarawe, "Mama, mimi ndiye niliyemuua Cosme. Usukani nilikuwa nao mimi. Abrán alikaa pembeni tu."

Filimbi ikakatika.

"Anaweweseka!" Abrán alipenya katikati ya watu, akamshika ndugu yake mkono. "Jua limempiga. Eliseo, nyamaza!"

"Sinyamazi tena."

Delfina hakulia. Alitugeukia akasema tushushe sanamu, tukaishusha. Alimpita Eliseo kana kwamba ni jiwe, akaenda kusimama mbele ya Abrán.

"Ni kweli?"

Abrán alitazama chini. "Ni kweli, mama."

"Nimekutemea mate. Nimekuombea ufe huko huko. Ulijiona mtakatifu, eh? Nani alikuambia unichagulie mtu wa kumchukia?"

Abrán, aliyestahimili gereza bila kulalamika, alifunika uso kwa kofia yake akalia kwa kwikwi mbele yetu sote.

Macedonio aliwaashiria ndugu, wakauinua msalaba, wakaendelea nao kilimani bila Eliseo. Wengine tulifuata, wengine tulibaki tumesimama, hatujui pa kwenda. Sala zilisomwa vibaya siku ile.

Jumamosi Eliseo alikwenda mjini kwa polisi, Ninfa akiendesha. Waliandika maelezo yake, wakamwambia arudi nyumbani asubiri kuitwa. Abrán hakuwasemesha waliporudi.

Jumatatu ya Pasaka, Delfina aligonga mlango wao. Ninfa alimwekea kahawa, hakuigusa. Alimtaka Abrán amweleze Cosme alikufaje, kama alisema neno, kama aliteseka. Kwa miaka yote hiyo hakuwa na wa kumuuliza. Abrán alifungua mdomo, lakini Delfina akainua mkono.

"Si wewe. Wewe umeshanidanganya vya kutosha. Aje yule."

Eliseo alikuwa uani. Aliingia, bega lake limefungwa kitambaa, akasimama mlangoni.

"Kaa," Delfina akamwambia. "Siwezi kumsikiliza mtu aliyesimama."

Akakaa, akaanza kusimulia, polepole: vumbi, farasi, mkono wa Cosme ulioshika shati lake, jina la mke alilolitaja. Delfina alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amesamehe. Aliuliza tu, "Alilitaja mara ngapi?" na Eliseo akasema hakumbuki, na akalazimika kulisema hilo nalo.

Polisi bado hawajamwita. Abrán amehamia kwenye kibanda cha wachungaji, ng'ambo ya kijito. Ninfa humpelekea chakula, na sahani hurudi tupu, bila salamu. Delfina akipita langoni kwao siku hizi hatemi mate. Husimama kidogo, kama anayetaka kuingia, kisha huenda zake.