Kache Alipokuwa Mlango

Kache aliangukia uwanjani siku ya michezo, mbele ya wanafunzi wa shule tatu na wazazi waliokuja kutazama. Kifafa kilikuwa hakijawahi kumshika hadharani. Alipozinduka, kichwa chake kilikuwa mapajani mwa mwalimu, na kabla jua halijazama video yake ilikuwa imeshafika Diani na Ukunda, tena mtu ameitilia muziki na vicheko.

Alikuwa na miaka kumi na sita. Hakurudi shuleni. Mama yake, Jumwa, ambaye kazi yake ni kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya Galu, alimbembeleza, akamgombeza, akamwitia mchungaji. Dawa za hospitali zilipunguza kuanguka, lakini mtoto aliyekuwa akiimba jikoni hakurudi. Kache alishinda chumbani, na kila alipoona mtu ameinua simu, hata jirani anayetafuta mtandao tu, aligeukia ukuta.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyemtajia Jumwa habari za Bi Yusra. Huyu alikuwa mwanamke wa Msambweni aliyesomea kutibu watu kwa maigizo, na kila Jumamosi alasiri aliwakusanya vijana kwa simu ya video, kwa kuwa hapakuwa na chumba ambacho mtoto wa Taru na mtoto wa Msambweni wangeweza kukifikia wote. Jumwa aliona ni mzaha. Mtoto anaogopa simu, kisha simu ndiyo iwe dawa yake? Alimpigia Bi Yusra akamwambia hivyo hivyo. Bi Yusra hakubishana. Alisema Kache anaweza kuja bila kuonekana wala kusikika, akae tu, na akichoka aondoke bila kuaga.

Ni hilo la kuondoka bila kuaga lililomfanya Kache akubali.

Basi akawa anakaa. Wenzake waliona jina lake tu kwenye kioo cheusi. Alikuwapo Sharif wa Msambweni, kijana mrefu aliyepoteza usingizi tangu baba yake afariki. Alikuwapo Kavumbi wa Taru, aliyejiunga akiwa nyuma ya zizi, maneno yake nusu yakimezwa na mbuzi. Wengine walikuwa wachache, kila mmoja na lake. Waliigiza ugomvi wa kisimani, waliigiza harusi ya shangazi mkali. Siku Kavumbi alipokuwa punda aliyegoma kubeba maji, Kache alicheka peke yake chumbani, na Jumwa aliyekuwa akimenya mihogo nje akaacha kisu akasikiliza.

Bi Yusra alijua kungoja. Hakuna siku aliyomwambia Kache awashe kamera. Ila katika kila igizo alimwachia kijinafasi: redio iliyozimwa, upepo, au jirani anayesemwa lakini haji. Kache alikuwa jirani huyo, na kwa muda ilimtosha.

Kisha Jumamosi moja akaandika ujumbe: «Leo nataka kuwa mlango.»

Bi Yusra alikubali kama mtu aliyeombwa maji ya kunywa. Akawapangia nyumba, mlango, na wageni wanaokuja. Sharif alitangulia, akadai kwa sauti nzito kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Mlango ukanyamaza. Kavumbi akaja kwa adabu, akauliza hali za waliomo, mvua na mifugo yao. Kimya vilevile. Ndipo Bi Yusra akauliza polepole, «Mlango, unamwogopa nani?»

Kisha ikaja sauti ambayo kundi lilikuwa halijaisikia hata mara moja.

«Namwogopa mtu mwenye simu mkononi.»

Wote walikuwa na simu mikononi. Aliyejua la kufanya alikuwa Sharif. Aliilaza simu yake kifudifudi juu ya meza, na upande wake ukawa giza. Kavumbi akailaza yake mchangani. Wengine wakafuata, mwishowe Bi Yusra mwenyewe, hata pasionekane uso wowote. Sharif akagonga meza kwa vidole.

«Hodi,» akasema. «Hatuoni kitu. Tumekuja tu.»

Kavumbi akagonga debe. Mwingine akagonga ubao wa kitanda. Hodi zikaja kutoka pande zote za kaunti, za upole, hazina haraka, na Kache akalia mpaka kifua kikatulia. Kisha akasema, «Karibuni,» akawasha kamera.

Wenzake walipoinua simu walimwona, macho mekundu, kilemba kimelegea. Hakuna aliyempigia makofi.

«Kumbe mlango una vishimo mashavuni,» akasema Kavumbi, na vile vishimo vikazidi.

Kifafa hakikuondoka, wala shule haikuwa nyepesi ghafla. Lakini majuma yaliyofuata Kache aliomba waigize kuanguka kwenyewe, na Bi Yusra, baada ya kumuuliza mara mbili kama yuko tayari, akamwachia uongozi. Akawa mkali kweli. Alimrudisha Sharif chini mara nyingi, akimwambia anaanguka kama mtu anayejilaza kwenye godoro. Aliwafundisha wengine waondoe mawe na viti, wamlaze ubavu, wasimtie kitu mdomoni, wakae naye mpaka azinduke.

Muhula ulipofunguliwa alirudi shuleni, akaenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu kuomba nafasi ya kuwaigizia wanafunzi. Jumwa aliomba ruhusa kazini, akasimama nyuma ndani ya ukumbi akiwa na sare yake ya hoteli.

«Mimi ni Kache,» binti yake alisema mbele ya shule nzima. «Wengi wenu mliniona nikianguka. Leo nitawaonyesha la kufanya.»

Akaanguka kwa kupenda kwake, na wasichana wawili wa darasa lake wakamhudumia kama alivyowafunza. Jumwa, ambaye aliogopa kuanguka kule kuliko mtu yeyote, alijikuta anatazama mikono ya wale wasichana tu, jinsi ilivyokuwa na hakika.

Walipotawanyika, mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alibaki nyuma. Alisema mdogo wake huanguka pia, na nyumbani humfungia ndani wageni wanapokuja. Kache akamketisha kando yake kwenye kibaraza, akamuuliza kwanza jina la mdogo wake.