Sauti Kando ya Pazia

Kihindi Masele hakukijua hata cha kuombea maji. Hata hivyo, kila Jumamosi alisimama kando ya pazia jeupe la jumba la sinema la Shinyanga mjini, akiwatafsiria watu picha ya Kihindi kwa Kisukuma. Alikuwa anatunga, na watu walijua anatunga, ndiyo maana walijaa.

Jumamosi moja mwaka 1968, jamaa wa kwenye picha alipompigia magoti mpenzi wake, Masele alimsemea hivi: "Coletha wa Bujiku, utanikubali? Kama ndiyo, kohoa."

Coletha, binti wa fundi cherehani, alitamani ardhi ipasuke immeze. Akakohoa. Lakini wasichana waliokaa upande wake ukumbini, wachokozi wakubwa, wakakohoa wote, na Masele ikambidi aende nyumbani kwa Bujiku kuuliza upya kama waungwana wengine. Wakafunga ndoa kanisani Ngokolo.

Miaka ikapita, mikanda ya picha ikawa adimu, kazi ya Masele ikafa. Akaenda Geita kuchimba dhahabu. Duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, likamfukia na wenzake, wala hawakuweza kufukuliwa. Coletha hakupata hata kaburi la kupalilia. Basi akawa anakwenda sinema kila lilipofunguliwa jumba. Tikiti alikata, picha hakuitazama. Alifumba macho, akamsikia Masele akikifunika Kihindi chote kile kwa Kisukuma chake. Ndugu walinong'ona kwamba akili zimemruka. Shauri yao. Yeye alikuwa na pa kwenda.

Mwaka 1984 jumba likaanza kubomolewa. Coletha alimwendea msimamizi, kijana aliyeitwa Ansgar, akamweleza yote bila kuona haya, akaomba aingie mara moja tu kabla ukuta wa pazia haujaanguka. Ansgar akawasimamisha wenzake.

Ndani, paa lilikwisha kuondolewa na viti vimeng'olewa. Jua lilipiga hadi kwenye pembe ambazo miaka yote zilikuwa giza. Coletha akafumba macho. Maneno ya Masele yakamjia, mizaha yake yote, bila kukosa hata mmoja. Lakini yalimjia kwa sauti yake mwenyewe Coletha. Akajaribu tena, na tena. Sauti ya mumewe haikuja. Ukamjia uchungu ambao hata siku ya habari ya Geita hakuupata.

"Mayu, mama yangu, tusubiri kidogo?" Ansgar aliuliza kwa upole kutoka mlangoni.

"Bomoeni, mwanangu," alisema Coletha. "Sasa ndipo amekufa."