Kimya cha Bwana Pazia

Mtaani walimwita Bwana Pazia, kwa sababu madirisha yake hayakufunguliwa mchana. Jua lingefifisha wino wa hati za kale alizokuwa akizisoma, moja baada ya nyingine, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazi yake ilikuwa kutafuta maneno yaliyokufa na kuandika maana yake yalipokuwa hai.

Siku moja gari la serikali lilisimama mlangoni pake. Mkubwa fulani alitaka kusahihishiwa hotuba. Alisahihishiwa, akaenda zake, lakini lile gari halikuondoka vinywani mwa watu. Bei ya unga ikipanda, ni Bwana Pazia. Diwani akianguka, ni Bwana Pazia. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," walisema, na shikamoo zao zikaingia woga.

Kisha vibanda vya barabarani vikapigwa alama nyekundu ya X, kikiwemo cha dada yake mkubwa, fundi cherehani. Baada ya siku saba vingebomolewa.

Dada alikuja mchana huohuo, tepu ya kupimia ingali shingoni.

"Sema nao, mdogo wangu."

"Nao kina nani?"

"Mimi si mtu baki, usinizungushe."

"Dada, simjui hata karani wa manispaa."

"Niliacha shule ili wewe usome," alisema taratibu. "Sijawahi kukukumbusha. Leo naomba neno moja tu."

Kesho yake Bwana Pazia alivaa koti, akaenda manispaa. Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Saa tisa karani akamwita, akamwuliza jina lake linaandikwaje, akapokea barua yake ya kurasa nne na kuiweka juu ya rundo la nyingine.

"Tutakujulisha, mzee."

Alimsimulia dada yote, hata lile rundo.

"Mimi ni fundi," dada akasema. "Hizo 'njoo kesho' nimezoea kuzitoa. Usinipe mimi."

Tingatinga lilikuja Jumatano, watu hawajanywa chai. Bwana Pazia alitoka mbio, akashika upande mmoja wa cherehani. Dada akamwondoa vidole kimoja kimoja, bila ugomvi, akamwita muuza mkaa amsaidie kubeba.

Wiki iliyofuata alama nyekundu ilipigwa kwenye ukuta wa nyumba ya Bwana Pazia mwenyewe. Aliogopa, lakini akapata na ahueni fulani: sasa wataamini. Akaenda hadi chumba alichohamia dada.

"Nimesikia," dada alisema, macho kwenye pindo. "Wanasema umejipigia mwenyewe, tusikushuku."

"Na wewe unasemaje?"

Mguu wa dada ulikanyaga, cherehani ikaunguruma. Bwana Pazia alisubiri akiwa amesimama mlangoni hadi pindo likafika mwisho. Dada akakata uzi kwa meno, akakunja gauni, akavuta jingine.