Sauti za Getini

Ndunge alikuwa na uongo mmoja wa kudumu, na uongo wenyewe ulikuwa wa Jumamosi. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alitoka nyumbani kwao katika mtaa wa Mowlem amevaa koti la bohari anakofanya kazi ya ukarani, mkoba begani, akimwambia mama yake kwamba ameitwa ovataimu. Akifika kwenye kona ya muuza makaa, pale ambapo mama hawezi kumwona hata akisimama dirishani, alilivua lile koti akabaki na fulana nyeusi iliyopauka, kisha akakata kushoto hadi kwenye ukumbi wa mtaa. Ovataimu yenyewe ilikuwa humo ndani.

Humo ndimo bendi iitwayo Kutu ilimopiga panki, na hasa yule ndugu yake mkali zaidi anayeitwa hadkoo. Asiyeujua muziki huo akiusikia akiwa nje hudhani jengo linabomolewa na watu wangali ndani. Nyimbo ni fupi mno. Ukimimina chai, wimbo umekwisha kabla chai haijanyweka. Gitaa linakwaruza, ngoma zinakimbia utadhani zimefukuzwa na askari wa kaunti, na mwimbaji haimbi. Anapiga mayowe mpaka mishipa ya shingo inamsimama.

Ndunge alikuwa amelelewa katika kwaya. Tangu utotoni aliambiwa asipaze sauti mbele za watu, na nyumbani kwao mambo mazito hayakusemwa, yaliombewa tu. Yeye na mama yake waliongea habari za chumvi, tokeni za umeme na majirani, basi. Siku ya kwanza alipoingia ukumbini, kwa udadisi tu, alisimama mlangoni mkono umeziba mdomo. Hakuupenda muziki ule. Aliuogopa, halafu akashtuka kwamba anapumua mpaka chini kabisa ya kifua, pumzi ambayo hakujua kwamba alikuwa akinyimwa. Tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi hata moja.

Kilichomshangaza kupita vyote kilikuwa duara. Muziki ukichanganya, watu walikimbia kwa mzunguko katikati ya ukumbi wakipigana vikumbo kama mbuzi waliofunguliwa zizi, makarani, mafundi, wasichana wa mtaa wa Pipeline wenye mabuti makubwa. Ukitazama kwa mbali utasema ni vita. Lakini duara lina sheria yake moja, na hakuna aliyewahi kuiandika popote: mtu akianguka, wote wanasimama, wanainama, wanamwinua. Ndunge alikuwa ameanguka mara nyingi, na kila mara mikono ilimfikia kabla hajaihisi sakafu sawasawa. Hata kanisani, kwa kweli, hakuwahi kuinuliwa upesi namna ile.

Naye Nabiswa, mwimbaji wao, alikuwa wa kustaajabisha peke yake. Mfupi, mpole, karani katika ofisi fulani ya mjini, mtu wa kukuomba radhi wewe uliyemkanyaga. Mkabidhi kipaza sauti uone. Ndunge hakuelewa sauti kubwa vile inakaa wapi katika mwili mdogo vile, na kila alipoisikia nywele za mikono zilimsisimka upya.

Tatizo lilikuwa ukumbi. Kutu walikwisha kufukuzwa kila walikopata pa kupigia, kuanzia mtaa wa Umoja hadi juu ya paa la gorofa moja kule Pipeline, na huu wa Mowlem ndio ulikuwa wa mwisho. Kimanzi, mtunza ukumbi, aliwafungulia kwa sharti moja tu: akina mama wa maombi wanaoutumia Jumapili wasije wakalalamika. Mwenyekiti wa akina mama hao alikuwa Kalekye. Na Kalekye ndiye aliyemzaa Ndunge. Neno moja kutoka kwake, na Kutu wangebaki barabarani na ngoma zao, na Ndunge angerudi kupumua nusu nusu. Ndiyo maana aliudekeza ule uongo wake kama mtoto mchanga.

Basi Jumamosi moja akina mama hao walikuwa wamefunga, na maombi yalikuwa nyumbani kwa Mama Nzembi, ambaye mlango wake wa nyuma unatazamana na ukuta wa ukumbi. Walipokuwa wamepiga magoti kimya, yakawafikia mayowe. Kalekye alikuwa ameombea watu wengi wenye mapepo, na mayowe aliyajua kama mkunga anavyojua uchungu. Aliwaambia wenzake kwamba kuna mtu anateswa pale ng'ambo, nao hawawezi kukaa tu. Akajifunga leso kiunoni, akachukua kichupa cha mafuta ya zeituni, akatoka, na wenzake wakamfuata kwa hatua za watu walio na kazi ya kufanya.

Ndani ya ukumbi, Nabiswa alikuwa amelala chali sakafuni. Hakuwa mgonjwa. Wimbo ule, ulioitwa "Getini", ndivyo alivyouimba siku zote, akiteremka kutoka jukwaani na kujibwaga katikati ya watu. Ndunge alikuwa kwenye duara, fulana imemganda kwa jasho, mlango ulipofunguka na mwanga wa mchana ukaingia pamoja na vitambaa vyeupe vya kichwa. Alivitambua kabla ya kutambua nyuso. Alijua kwamba Kutu imekwisha.

Mama yake alimwona pia. Macho yao yalikutana, na ya mama yalisema wazi kwamba tutaonana baadaye, sasa kuna mgonjwa. Akapita, akapiga magoti kando ya Nabiswa, akamimina mafuta kwenye kiganja na kumwekea kijana mkono kwenye paji la uso.

"Toka," akaamrisha. "Kwa jina la Yesu, mwachie huyu mtoto, toka."

Duara likasimama, kwa ile sheria yake. Mtu yuko chini na watu wamemwinamia. Utakimbia namna gani? Gitaa nalo likanyamaza. Aliyeshindwa kunyamaza ni Phelister, mpiga ngoma, binti aliyekulia katika kanisa la ngoma kule magharibi. Mikono yake ilikataa kuacha maombi yaende bila mdundo, ikayafuata polepole. Nabiswa alieleza baadaye kwamba aliogopa kuukatiza wimbo njiani, na aliogopa zaidi kumsukuma mama wa watu. Kwa hiyo alibaki chini ya mkono ule uliojaa mafuta, akiendelea kupiga mayowe.

Kwa mbali maneno ya Nabiswa hayasikiki, ni ngurumo tu. Lakini Kalekye hakuwa mbali. Aliinama ili amkemee pepo sikioni, na hapo maneno yakamfikia moja moja. Nichague mimi, bwana msimamizi. Nina mikono miwili. Usitazame viatu, tazama mikono. Nichague mimi.

Kalekye akaacha kuomba. Phelister akapunguza mdundo, kisha akaunyamazisha kabisa, na ukumbi mzima ukasikia mama akimuuliza kijana maneno hayo aliyatoa wapi.

"Ni mathe wangu," Nabiswa akajibu akiwa bado chali, akitweta. "Alikuwa anasimama gate ya kiwanda kule Reuben kila asubuhi akitafuta kibarua, Mama. Ndio nikaiandika."

Kalekye aliketi chini sakafuni, leso na yote. Wenzake wakamsubiri wakidhani anapokea neno. Halafu akamnyoshea binti yake kidole, pale alipokuwa amejificha nyuma ya vijana wawili.

"Mimi nilisimama na huyu tumboni," akasema. "Nilikaza leso hapa, msimamizi asijue. Mwenye mimba hawachukui."

Kisha akawaeleza, akiitazama sakafu, jinsi ilivyokuwa kwenye geti la kiwanda kabla jua halijatoka: watu wamejazana, mikono yote juu, na bwana mmoja ndani ya geti ananyosha kalamu, wewe, na wewe. Waliobaki walirudi nyumbani. Hakuna aliyelalamika wala kuguna, maana kesho wangekuja kwa bwana yule yule. Mtu alizoea kumeza. Alimeza siku hiyo, akameza na kesho yake, mpaka ikawa ndiyo tabia yake, akaingia nayo kwenye ndoa na kwenye malezi.

Ndunge aliyasikiliza hayo kama habari za mwanamke mwingine. Miaka yote alikuwa akimwona mama yake kuwa mtu asiye na kelele kwa kupenda.

Mama Nzembi, ambaye sasa ndiye aliyeshika kichupa cha mafuta na hakutaka safari iende bure, akauliza kama basi wamwombee kijana angalau hayo mayowe yamtoke.

"Huyu hana pepo," Kalekye akasema. "Hayo mayowe ni yangu."

Akainuka. Tuseme kweli, aliinuliwa. Vijana wa duara walishamfikia kwa mikono yao kabla hajaomba. Akamgeukia Phelister akamwambia aendelee, na Phelister, ambaye hakuwa wa kuambiwa mara mbili, akaziangukia ngoma. Gitaa likaingia. Nabiswa akasimama na kuanza upya, na Kalekye, mwenyekiti wa akina mama wa maombi, akauinua mkono wake wa kulia juu kabisa, vidole vimetanuka, kama watu wanavyoinua getini.

"Nichague!" akapiga yowe.

Ilikuwa sauti ambayo Ndunge hakuwahi kuisikia duniani. Haikuwa ya kwaya wala ya maombi. Ilitoka nzito, ina mikwaruzo, ikampita Nabiswa na kipaza sauti chake, na Ndunge akaingiwa na kicho, kwa sababu sasa alijua pumzi ile aliyokuwa akiifuata humu kila Jumamosi ilikuwa ya nani. Nyuma ya mama yake mkono mwingine ukainuka, kisha mwingine. Kumbe na wenzake nao walikuwa wamesimama kwenye mageti yao. Mama Nzembi aliinua ule ulioshika kichupa. Duara likaanza kuzunguka, taratibu kwa heshima ya vitambaa vile vyeupe, likiwa na akina mama katikati, na Ndunge akakimbia akilia waziwazi wala hakujifuta.

Kimanzi alifika baadaye mbio, ameambiwa akina mama wamevamia. Alimwomba mwenyekiti msamaha hata kabla hajapata pumzi, akaapa kwamba vijana hawa wanaondoka leo leo na mlango anaufunga. Kalekye akamwashiria asogee, maana sauti ilikuwa imemwisha, akamnong'oneza kwamba asifunge kitu. Wafagie tu wakimaliza, kesho kuna ibada.

Mama na binti walirudi nyumbani kwa miguu, bega kwa bega, jua likiwa bado kali kwenye mabati. Walipofika kwa muuza makaa, Kalekye akasimama, akampokea Ndunge mkoba, akalitoa lile koti la bohari, akalikung'uta na kulitazama.

"Ovataimu yako ni ngumu," akasema kwa mkwaruzo, na Ndunge akacheka mpaka akashika ukuta.

Baadaye kicheko kilipokwisha, akauliza swali alilotoka nalo ukumbini: mbona mama hakuwahi kumwambia, hata siku moja, habari za lile geti. Kalekye alijibu, lakini koo lilikuwa limekauka kabisa. Ndunge ikambidi ainame, sikio karibu na mdomo wa mama yake, ili alisikie jibu.

"Ningekuambia kwa sauti gani?"