Mbwa Aliyeacha Kumkimbiza Paka

"Huyu mbwa wako ameanza lini kupenda paka?"

Magige, mlinzi, aliacha kufagia. Jeska, mama anayewauzia watu uji pale Mugeta, alikuwa amesimama nje ya uzio wa ghala la ushirika, ndoo kichwani, akiangalia barazani. Juu ya gunia tupu Bosko alikuwa amelala ubavu. Paka wa ghala alikuwa amejikunja katikati ya miguu yake, na Bosko alikuwa akimlamba kisogo polepole, kama mtu anayefanya kazi aliyoagizwa.

"Wamezoeana," Magige alisema.

"Bosko huyuhuyu? Si alikuwaga anampandisha paka mpaka juu ya paa?"

"Amechoka, mama. Hata mimi nimechoka."

Jeska hakucheka. Akaondoka bila kumuuliza kama atachukua kikombe.

Magige alijua alichokuwa akiwaza. Mtoto alikuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa katika kijiji cha jirani, na mtendaji alikuwa ametangaza kwamba mbwa yeyote aliyebadilika tabia apigwe mpaka afe. Mkali akiwa mpole, apigwe. Mpole akiwa mkali, apigwe.

Lakini Bosko hakuwa na kichaa. Zamani, pamba ilipokuwa inajaa ghalani mpaka kwenye kenchi za paa, ushirika ulikuwa unatoa unga wa mbwa, na paka alijitafutia panya. Mbwa alikuwa na ua wake, paka alikuwa na ghala lake, wakachukiana kwa raha. Kisha wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Pamba ikaenda kwao, unga ukakoma, na panya nao wakapungua. Magige akawa anakata ugali wake mwenyewe, kipande cha huyu huku, kipande cha yule kule, akisimama katikati na ufagio. Siku moja akachoka kuwatenganisha. Akaweka chakula chote kwenye mfuniko mmoja, akaketi. Walinguruma, wakaoneshana meno, wakala.

Sasa ghala lilikuwa limekodishwa kwa mnunuzi kutoka Musoma. Alikuja mara moja tu, akatazama kufuli, akamtazama Bosko. "Mlinzi mwenye mbwa nitambakiza," alisema. "Asiye na mbwa ni mtu wa kulala tu." Alisema atarudi Jumatatu.

Kabla ya adhuhuri Ryoba, kijana wa mgambo, aliingia uani na rungu. Nyuma yake walikuja watu, Jeska akiwa miongoni mwao.

"Shikamoo, mzee Magige."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia na rungu?"

Mtu mmoja alicheka. Ryoba akaangalia chini. "Ni amri, mzee wangu. Sogea pembeni."

"Mpe maji kwanza. Mwenye kichaa anaogopaga maji. Akiyakataa, mpige. Mimi mwenyewe nitamshika."

Watu wakatazamana. Machage, mkulima aliyekuwa anatoka shamba na bomba la dawa mgongoni, akatoa beseni lake. Wakalijaza maji kwenye tangi la ghala, wakaliweka mbele ya baraza, wakarudi nyuma.

Bosko alishuka. Akainamisha pua, akasimama hivyo kidogo. Kisha akarudi nyuma, midomo imepanda, meno nje.

"Mmeona!" Jeska akasema, akiwa karibu kulia. "Mmeona wenyewe!"

Ryoba akainua rungu. Maneno ya kumpiga yalikuwa ya Magige mwenyewe.

Paka akashuka barazani. Akaenda hadi kwenye beseni, akanusa, akakung'uta mguu mmoja, akaenda kukaa kando ya Bosko akiwa ameyapa maji mgongo.

"Haya," sauti ikasema, "na paka naye ana kichaa?"

Magige akapiga magoti. Akachota maji kwa kiganja, akayasogeza puani. Harufu ilimshika koo.

"Machage, hili beseni unachanganyiaga nini?"

Machage akashika mdomo. "Dawa ya pamba. Lakini nilisuuza, jamani!"

Wakacheka, Jeska zaidi ya wote, akijifuta macho kwa kanga. Magige akamwaga maji ya kidumu chake kwenye mfuniko. Bosko akanywa mpaka mfuniko ukawa unasukumwa mchangani.

Ryoba alishusha rungu, lakini hakuondoka. "Hata hivyo mfunge. Mpaka bwana mifugo aje amwone."

"Atakuja lini?"

"Pikipiki yake haina mafuta."

"Na Jumatatu mnunuzi anakuja. Akimkuta amefungwa nitamwambia nini?"

"Mimi nimetumwa tu, mzee."

Walipoondoka, Magige alichukua kamba ya katani akamfunga Bosko kwenye nguzo ya baraza. Mbwa hakubisha. Hakuwahi kufungwa, aliitazama kamba, kisha akamtazama Magige, kisha akalala. Unga wa ugali ulikuwa umekwisha asubuhi ile.

Jua lilipoanza kulegea, paka alitoka ghalani na panya mdomoni. Akamdondosha mbele ya baraza. Bosko akanyoosha shingo, kamba ikakaza, pua haikufika. Paka akakaa akiwaangalia, mbwa na mtu. Kisha akamng'ata panya tena kwenye shingo, akamsogeza hadi kwenye makucha ya Bosko, akajilaza.

Magige akageuza uso, akaitazama barabara ya Bunda. Ilikuwa nyeupe, imenyooka, bila vumbi la pikipiki yoyote.